Mlango wa Pili wa Soko la Kilumbi

Sidonie alipokuwa akimwosha mdogo wake Louise, alitafuta mahali alipokatwa na hakupaona. Aliinua mikono, akageuza shingo, akapapasa chini ya nywele. Hakukuwa na jeraha la panga wala tundu la risasi. Mgongoni kulikuwa na alama za nyayo, moja juu ya nyingine, na mbavu za upande wa kushoto zilikuwa zimeingia ndani. Wanawake waliokuwa wakimsaidia walimwongezea maji. Alimaliza kuosha, akamfunga Louise kitambaa chake cha kichwa, wakaenda kuzika.

Ulikuwa mwaka wa mpira, wakati wa vita vya Wazungu. Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, ilitaka mpira wa porini, na wanaume wenye nguvu wa vijiji vilivyo kati ya Kasongo na Kabambare walikuwa msituni wakiutafuta. Mume wa Sidonie alikuwa mmoja wao. Lakini msitu huohuo ulikuwa na wanaume wengine: askari waliotoroka kambi yao na watu waliokimbia kazi za shuruti. Nyumbani hawangeweza kurudi, kwa hiyo waliishi kwa kunyang'anya. Siku aliyokufa Louise walikuja soko la Kilumbi na mapanga na bunduki moja. Walitaka chumvi na nguo, wakazipata. Watu watano walikufa.

Soko halikufungwa. Leta ilitaka mchele na mawese kwa ajili ya vita, na soko ndipo vilipopatikana. Bwana mkubwa wa Kabambare, Mzungu wa Leta, aliahidi polisi, na polisi kweli alikuja, lakini kabla hajazoea chakula cha kijijini aliitwa akasimamie watu wa mpira. Kilichobaki ni amri: panga, mkuki au kisu kirefu visiingie sokoni. Zéphirin, kapita wa soko, yaani msimamizi aliyewekwa na Leta, alisimama mlangoni akipekua vikapu vya wanawake. Hata kisu cha kumenyea muhogo alikiweka kando mpaka jioni.

Sidonie alikuwa mfinyanzi, na vyungu havina mnunuzi katika kijiji ambacho kila nyumba imekwisha kuwa navyo. Baada ya matanga alirudi Kilumbi. Alipanga vyungu vyake mahali palepale alipokuwa akikaa na Louise, akakaa peke yake.

Mwanamke wa kwanza kumjia alikuwa Mwanvua, muuza chumvi, Mwislamu wa mjini Kasongo. Walikuwa wakisalimiana tu, kama watu wa soko wanavyosalimiana.

"Pole, mama Sidonie," Mwanvua alisema, akachuchumaa. "Sikufika kwa matanga. Sikujua kama wenu wangefurahi kuniona."

"Asante, mama."

"Nilimuona Louise. Nilijificha chini ya meza yangu, sikukimbia. Niliona yote."

Sidonie aliweka chini chungu alichokuwa akikifuta. "Nani alimupiga?"

"Hakuna mutu alimupiga. Wale wezi walikuwa mbali, kwa upande wa nguo. Bunduki ililia, na watu wote wakaenda mulangoni mara moja. Yeye alianguka. Wa nyuma hawakumuona." Mwanvua alionyesha mlango kwa kidevu. "Hata mama ya Asani wa tumbako alikufa vile. Panga liliua wawili tu."

Sidonie aligeuka akautazama uzio, ambao wao waliuita lupango. Soko zima lilikuwa limezungushiwa miti iliyofungwa kwa kamba, mirefu kuliko mtu, na mlango ulikuwa mmoja, mwembamba, upande wa barabara. Leta ndiyo iliyotaka uwe mmoja, ili kila anayeingia na alichobeba aonekane. Upande wa nyuma, ng'ambo ya uzio, kulikuwa na mteremko wa majani mafupi mpaka kijitoni, na baada ya kijito mashamba ya mpunga. Mtu yeyote angeweza kukimbilia huko. Hakuna aliyekwenda kwa kuwa palikuwa pamefungwa.

"Lupango hii njo ilimuua," Sidonie alisema.

"Lupango na wezi," Mwanvua alijibu. "Na watarudi. Chumvi waliyobeba haitatosha mpaka mvua."

Mwanvua alikuwa na mdogo wake wa kiume, Faradji, ambaye alimbebea magunia ya chumvi. Faradji alikuwa amekwenda vitani Abisinia na askari wa Kongo, akarudi na mguu unaoburuta na hasira ya mtu aliyeona mengi na hakuulizwa lolote. Dada yake alipomleta mbele ya vyungu vya Sidonie na kumwambia wanawake wanataka kujilinda, macho yake yaling'aa.

"Unipe wanawake ishirini, yaya," alimwambia dada yake. "Nitawafundisha kupigana. Tutawangojea mulangoni na mipini ya majembe. Tutawamaliza."

"Mimi sitafuti askari," Sidonie alisema. "Nataka watu watoke wazima."

"Na ule wa panga? Atakungojea utoke?"

Sidonie alisogeza vyungu vyake akampa mahali pa kukaa. Faradji naye, alipoona hakudharauliwa, aliketi na kuanza kuzungumza kwa sauti nyingine. Alichukua kigoda cha Mwanvua cha miguu mitatu, akakishika kwenye ubao wa kukalia, miguu ikielekea mbele.

"Kila mama hapa anakalia kitu," alisema. "Kapita hawezi kukataza viti. Panga likija, unalipokea katikati ya miguu, hivi. Hapana kulifuata. Unarudi nyuma polepole, macho kwake. Kila hatua anapoteza na wewe, mutu mumoja anatoka. Ni hiyo tu kazi yako. Akianguka, unakimbia. Hapana kubaki kuangalia."

"Na kama ni bunduki?" Mwanvua aliuliza.

"Bunduki yao ni ya zamani. Inapiga moja, halafu wanatafuta risasi nyingine mufukoni. Ikilia mara ya kwanza, hapo njo nafasi yenu. Hapana kulala chini."

Walianza kukutana Jumapili, baada ya sala, katika shamba lililoachwa nyuma ya kijiji cha Sidonie. Mara ya kwanza walikuja wanawake wachache, na hao wachache walikaa makundi mawili, wa vijijini huku na wa mjini kule. Emilienne, muuza ndizi mwenye maneno makali, alisema waziwazi kile ambacho wengine walinong'onezana.

"Wezi walijua siku ya chumvi na nguo. Nani aliwaambia? Biashara hiyo si yetu. Ni ya watu wa mujini."

Faradji alitaka kujibu, lakini dada yake alimshika mkono.

"Walibeba chumvi yangu yote," Mwanvua alisema. "Jirani yangu Feza alikatwa bega, mupaka leo hainui mukono. Kama mimi niliwaita, mama Emilienne, basi niliwaita vibaya sana."

Wanawake wengine walicheka, na Emilienne mwenyewe akauma mdomo asicheke. Hakuomba radhi. Lakini alichukua kigoda.

Walijifunza mambo machache, wakayarudia mpaka wakachoka. Wanaokaa karibu na mlango watapokea kwa vigoda. Wanaokaa katikati watawashika wazee na watoto. Pilipili mbichi zitatwangwa na kuchanganywa na maji na mawese kidogo ili zishike ngozi, na kila muuzaji wa mbele atakuwa na kibuyu chake, maana kibuyu cha pilipili sokoni ni bidhaa kama nyingine. Kelele itakuwa neno moja tu, "Nyuma!", ili mtu asipoteze muda kufikiri. Sidonie alisimamia hilo kuliko yote. Aliwasimamisha wote uso kwa barabara, halafu akawapigia kelele wageuke na kukimbilia upande wa kijito. Mara za kwanza waligongana na kuanguka wakicheka. Siku moja hawakucheka, na hapo alijua wameanza kushika.

Lakini nyuma kulikuwa bado kumefungwa.

Sidonie alimwendea Zéphirin. Kapita hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kofia ya Leta na aliogopa kuipoteza.

"Mulango wa pili?" alisema. "Unataka nifungwe? Bwana mukubwa alisema mumoja. Watu wakitokea nyuma na mali, nitajibu nini?"

"Wakifa tena mulangoni, utajibu nini?"

"Nitajibu kama nilipekua vikapu. Njo amri niliyopewa."

Sidonie hakubishana. Siku ya soko iliyofuata alikuja mapema kuliko wote, akakata kamba za kipande kizima cha uzio wa nyuma, akazifunga upya kwa fundo moja la juu na moja la chini, mafundo ya kuvuta, yanayofunguka mara moja. Kwa mbali hakuna aliyeweza kutofautisha. Zéphirin aligundua kabla ya saa sita, mbuzi alipojikuna pale na miti ikacheza. Alizifunga kamba zote tena kwa mkono wake, akaja mpaka kwenye vyungu, jasho likimtoka.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ningeweza kukupeleka Kabambare leo hii."

"Nipeleke," Sidonie alisema. "Lakini uniambie kwanza kitu kimoja, kapita. Bibi yako Cécilia anakaa wapi hapa sokoni?"

Zéphirin alijua anakokaa. Cécilia, mke wake, aliuza samaki wakavu waliotoka Nyangwe, na mahali pake palikuwa kwenye kona ya ndani kabisa, mbali na mlango kuliko watu wote. Alivuta kofia yake, akaenda zake.

Soko lililofuata, Sidonie alipoenda nyuma ya uzio, alikuta kamba zimelegezwa. Mafundo yalikuwa mawili, ya kuvuta. Hayakuwa yake, mkono wake aliujua. Hakumuuliza kapita, na kapita hakumwambia.

Wezi walikuja wakati wa kiangazi, asubuhi, soko likiwa limejaa. Safari hii hawakutoka porini kwa kelele. Walipita barabarani kama wapagazi, wamebeba mizigo ya majani, na mapanga yalikuwa ndani ya mizigo. Zéphirin alimwambia wa kwanza aweke mzigo chini apekue. Yule mtu aliuweka chini, akaufungua mwenyewe, akatoa panga. Kapita hakuwa na silaha. Aliruka kando, akashika nyundo ya kipande cha reli kilichokuwa kikining'inia mlangoni kwa ajili ya kufungua na kufunga soko, akapiga, akapiga, mpaka panga lilipompata mkononi. Hata hapo alihamia mkono wa pili.

Bunduki ililia.

Na mazoezi yote yalipotea. Soko zima lilielekea mlangoni, mahali walipoingilia kila siku ya maisha yao. Sidonie mwenyewe alikuwa amekwisha kupiga hatua tatu huko kabla hajajua anachofanya. Aliona migongo imebanana mbele yake. Alimwona mwanamke akishika kanga ya mwenzake asianguke. Alipiga kelele kwa sauti ambayo hakuijua.

"Nyuma!"

"Nyuma!" Mwanvua alijibu kutoka juu ya meza yake ya chumvi, amesimama wima, mtu yeyote angeweza kumlenga. "Nyuma! Nyuma!"

Neno lilishika. Waliofanya mazoezi waligeuka, wakawageuza wasiofanya kwa kuwavuta nguo. Mtu alivuta mafundo, uzio ukalala chini kama mkeka, na watu wakaanza kumwagika kwenye mteremko. Upande wa mlango, Faradji na wanawake wanne walikuwa wamesimama na vigoda. Hawakuwa mstari mzuri. Mmoja alikuwa akilia kwa sauti. Lakini walirudi nyuma polepole, kama walivyofundishwa, na mapanga yaligonga miti ya vigoda badala ya watu. Emilienne alikuwa wa mwisho upande wa kushoto. Panga liliteleza juu ya mguu wa kigoda likamchukua vidole viwili. Alikitazama kiganja chake, akakipeleka nyuma ya mgongo, akaendelea kushika kwa mkono uliobaki.

Ndipo Mwanvua na wenzake walipomwaga pilipili. Wezi wawili walishika nyuso zao wakapiga mayowe. Mmoja wao alizunguka kama mlevi, akapita katikati ya soko akikata hewa, akaanguka juu ya vyungu vya Sidonie.

Sidonie alikuwa amekwisha kuwa karibu na uzio ulioanguka. Njia ilikuwa wazi. Alimwona yule mtu akipapasa kati ya vigae, panga limemtoka mkononi, kipofu. Sidonie alirudi. Aliokota mchi wa muuza sombe, yaani majani ya muhogo, uliokuwa umelala hapo, akampiga begani. Alianguka kifudifudi. Akampiga tena. Mkono aliouinua kujikinga ulivunjika, na sauti yake ilisikika. Sidonie aliinua mchi mara nyingine, na wakati huo hakuwa akifikiria kutoka wala kuokoa mtu. Alikuwa akifikiria mbavu za Louise.

Mwanvua alimkumbatia kwa nyuma, mikono na mchi pamoja.

"Alianguka!" alimpigia kelele sikioni. "Sidonie, alianguka! Tulisema nini? Tulisema nini?"

Walitoka pamoja, mmoja akimburuta mwenzake, mpaka kijitoni.

Wezi hawakubaki. Soko tupu halikuwa na faida kubwa kwao, mwenye bunduki alikuwa bado akihangaika na risasi, na wenzao wawili walikuwa vipofu. Walibeba walichoweza, wakamwongoza mmoja wa vipofu, wakamwacha wa vyunguni. Watu waliporudi walimkuta palepale. Zéphirin, mkono umefungwa kitambaa cha mkewe, alisimama mbele yake akakataza mtu yeyote kumgusa.

Watu wa soko walikuwa na maiti moja. Ilikuwa ya Asani, mzee wa tumbako, ambaye mama yake alikufa mlangoni mara ya kwanza. Alikuwa amekwisha kuvuka uzio. Cécilia alikuwa amemshika mkono. Halafu alikumbuka tumbako yake, akauchomoa mkono, akarudi. Walikuta kikapu kimefunikwa vizuri na yeye amelala juu yake.

Baada ya wiki chache, Sidonie na Mwanvua waliitwa Kabambare kutoa ushahidi. Walikwenda kwa miguu, wakilala njiani kwa ndugu wa Sidonie, ambao walimpa Mwanvua chungu kipya cha kupikia chakula chake mwenyewe ili, yeye Mwislamu, asiwe na wasiwasi. Barazani, bwana mkubwa aliuliza kwanza habari ya uzio. Kapita, aliyeitwa pia, alisema mchwa walikuwa wameula. Bwana mkubwa alimtazama kwa muda, akatazama mkono wake uliofungwa, akasema ujengwe upya imara. Habari ya milango hakuitaja, na Zéphirin hakumkumbusha. Alijenga miwili, wa nyuma mpana kuliko wa mbele.

Halafu walimleta mfungwa. Sidonie alikuwa amemweka moyoni kama mtu mkubwa, mwenye kifua. Aliyeingia alikuwa mwembamba, macho bado mekundu, mkono umefungwa ubao. Hakuwahi kuwa askari. Alitoroka kazi ya mpira baada ya kupigwa, alisema, akawakuta wale porini. Aliulizwa kama alikuwapo siku ya kwanza. Akasema ndiyo. Aliulizwa kama alijua watu walikufa mlangoni. Akasema hapana, wao walikuwa upande wa nguo, hawakutazama mlangoni.

"Nani alimvunja mkono?" mkalimani aliuliza.

Mwanvua alifungua mdomo, lakini Sidonie alimtangulia.

"Mimi. Alipokuwa chini."

Mkalimani alisema kwa Kifaransa, bwana mkubwa akaandika, akatikisa mkono kama anayefukuza inzi. Hakuna aliyemuuliza Sidonie zaidi. Mfungwa alihukumiwa miaka mingi akapelekwa gerezani, na wanawake wakaambiwa warudi kwao.

Walishika njia ya kurudi. Barabara ilikuwa na vumbi, na lori moja tu liliwapita.

"Ungemuua?" Mwanvua aliuliza mwishowe.

"Ndiyo."

"Na sasa?"

Sidonie alifikiri. "Sasa hata simuchukii vizuri. Nilitaka awe mutu mwingine." Akahamisha mzigo wake bega la pili. "Lakini simusamehe. Usiniambie nimusamehe."

"Sikusema kitu, mama."

Jumapili iliyofuata walikutana tena shambani. Walikuwa wengi sasa, wengine wametoka vijiji ambavyo havikuwahi kutuma mtu. Faradji alitaka kuanza na vigoda, lakini Sidonie alimwomba angoje. Alisimama mbele yao, hakujua aanzeje, akasema tu jambo lilivyo.

"Kuna kitu kimoja hatukufundisha. Kuacha. Asani alikuwa nje mzima, akarudi kwa sababu ya kikapu. Mimi pia nilirudi, kwa kitu kingine. Kila mutu aje na mali yake ya kweli, ile anayoipenda, aiweke chini mbele yake. Nikipiga kelele, mutaiacha na mutakwenda. Hapana kuangalia nyuma."

Ilionekana kazi rahisi kuliko zote walizofanya. Walipanga vikapu, mitungi, mafungu ya nguo, na mwanamke mmoja alileta cherehani ya mkono. Sidonie alipiga kelele. Walikimbia, na karibu wote, kabla ya kufika mwisho wa shamba, waligeuza shingo. Emilienne, kiganja kimefungwa, alikuwa amesimama kabisa, anazitazama ndizi zake.

"Ni za kweli," alijitetea. "Nimezibeba toka alfajiri."

"Rudini," Sidonie alisema. "Tunaanza tena."